Kabla hujanunua bareti ya RAM, igeuze uhesabu chipu

Alhamisi iliyopita jioni nilikuwa nasonga bukari wakati simu ilipolia. Ujumbe ulitoka kwa kijana mmoja anayenisoma, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho:

"Yaya, jambo. Mashini yangu inakatala kuwaka. Nilitia bareti mbili mupya, giga ine ine. Taa njo inapepesa nyekundu, inalia bip tano, inanyamaza, inaanza tena. Mwenye kuniuzishia anasema bodi ilikufa. Nifanye je?"

Niliepua sufuria kwenye mbabula nikaketi kumjibu papo hapo, maana ujumbe ule uligusa mahali ambapo bado panauma. Sikuhitaji kuiona mashini yake. Kwenye HP za ofisi za miaka ile, bip tano pamoja na taa nyekundu inayopepesa mara tano zina maana moja: mashini haipati kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM, ile inayokaa kwenye vibao vyembamba tunavyoviita bareti. Bodi iliyokufa kabisa hailii. Ile yake inalia, maana yake iko hai na inalalamika.

Nilimuuliza maswali mawili. Mashini yako ni ya aina gani? Akajibu: HP Compaq 6000 Pro. Na bareti zako zina chipu upande mmoja au pande zote mbili? Hapo akanyamaza. Hakuwa amezigeuza.

Mimi pia sikuzigeuza zangu, na kosa hilo lilinigharimu hela, mteja, na wiki nyingi za kuamini kwamba mikono yangu ina mkosi.

Kwa wasionifahamu: nina sekretaria ndogo hapa Lubumbashi, kwenye barabara ya Kasapa, njia ya wanafunzi wanaokwenda UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tunachapa, tunapiga fotokopi, tunaskani, tunafunga vitabu. Mwaka 2019 nilinunua mashini tatu za mitumba zilizotoka maofisini Ulaya, zote HP Compaq 6000 Pro, prosesa Core 2 Duo, RAM giga mbili, Windows 7. Zilikuwa zimepigwa vumbi na kubandikwa namba za ofisi yao ya zamani, lakini nilizipenda siku ile ile. Mwaka wa kwanza zilinilisha vizuri. Zililipa kodi ya nyumba na karo ya mtoto wangu mkubwa.

Kisha kazi zikawa nzito. Mtoto wa Polytechnique anakuja na memuari, kitabu chake cha kuhitimu, ya kurasa 140, ndani yake ramani za migodi, picha za mawe, majedwali yasiyokwisha. Anataka Word iwe wazi, PDF sita ziwe wazi, na intaneti iwe wazi ili apokee masahihisho ya mwalimu wake. Giga mbili hazibebi mzigo huo. RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ya kuzunguka inachukua karibu milisekunde 10 kukifikia kitu ambacho RAM ingekitoa kwa nanosekunde chini ya 100. Tofauti hiyo ndiyo mteja anayoiona: unabonyeza herufi, unasubiri, unasikia diski inakwaruza ndani ya sanduku, kisha maneno matatu yanatokea kwa pamoja. Mwanafunzi amesimama nyuma yako anatazama saa. Nyumba ya tano kutoka kwangu walikuwa wamefungua sekretaria nyingine yenye mashini mpya. Niliwaona wateja wangu wakipita mlangoni kwangu bila kugeuza shingo, wengine ambao niliwachapia tangu mwaka wao wa kwanza. Jambo hilo halisahauliki haraka.

Julai 2022 nikaamua kuongeza RAM. Nilifunga dola 30 kwenye pindo la kitenge nikaenda mjini. Mwuzaji aliniuliza mashini gani, nikamwambia HP. Akauliza kama RAM yake ni ya aina ya DDR3, nikamwambia ndiyo, maana hilo nilikuwa nimeliangalia. Akatoa bareti mbili kutoka kwenye mfuko wa plastiki, giga nne kila moja, nyembamba, safi, zinang'aa. Nikamwomba azijaribu kwanza kwenye mashini. Akawatazama wenzake akacheka. "Mama, bintu ya kompyuta utuachie siye." Nikalipa dola 28 nikarudi na daladala huku nimeshika mkoba kwa mikono miwili.

Usiku ule nilizima mashini, nikachomoa waya, nikafungua sanduku. Nikatoa bareti ya zamani, nikaingiza mpya mpaka vishikizo vya pembeni vikafunga kwa sauti. Nikawasha. Bip tano, taa nyekundu. Nikajaribu moja peke yake, kisha nyingine peke yake. Nikasugua meno ya dhahabu kwa kifutio cha mtoto wangu, kama nilivyowahi kuona fundi akifanya. Bip tano. Nikarudisha ile ya zamani, mashini ikawaka bila neno.

Asubuhi nilikuwa dukani kabla hajamaliza kufungua. Alizishika bareti, akazinusa, akaniambia nimeziunguza. "Mikono yako iko na umeme, mama. Sasa njo kiangazi." Akanirudishia bareti zangu na kugeukia mteja mwingine.

Nataka mwelewe kwa nini nilimwamini. Julai kwetu hewa ni kavu kabisa, vumbi jekundu liko kila mahali, na ukivua sweta usiku unasikia linatatarika. Umeme huo wa mwilini upo kweli na unaweza kuua chipu. Alichosema kilikuwa na sura ya ukweli. Nikaenda nyumbani nimeamini kwamba niliua dola 28 kwa vidole vyangu, nikaziweka bareti kwenye droo chini ya karatasi za hesabu, na kwa muda mrefu sikuthubutu kufungua mashini tena. Ilipobidi ifunguliwe, nilimwita fundi nikamlipa.

Agosti nikanunua tena, mahali pengine, bareti mbili zilizotumika za giga mbili mbili. Fundi akaziweka, mashini ikawaka. Nilifurahi mno. Niliwapigia simu wateja watatu kuwaambia warudi. Mmoja wao alikuwa dada mmoja aliyekuwa anamaliza sheria, na ndiye ninayemfikiria kila ninapoandika habari hizi.

Wiki tatu mashini ilikwenda vizuri. Kisha skrini ya buluu ikaanza, mara moja kwa siku, mara mbili. Nikailaumu Windows, nikailaumu antivirusi, nikalaumu umeme unaokatika. Sikuzilaumu bareti, kwa sababu mashini ilikuwa imeziona na kuzihesabu, nami nilidhani ikishahesabu basi zimekubalika. Siku moja kabla ya kuweka memuari yake chuoni, yule dada alikuja saa kumi jioni kwa masahihisho ya mwisho. Tukasahihisha, tukahifadhi. Tulipofungua tena ili kuprinti, Word ikasema faili lina maudhui yasiyosomeka. Tukajaribu nakala ya kwenye ufunguo wa USB: ileile, kwa sababu niliinakili kutoka kwenye mashini ileile dakika kumi kabla.

Alikuwa na rasimu ya karatasi ya wiki iliyotangulia. Tuliichapa upya usiku kucha, mimi na mdogo wangu, mmoja huku na mmoja kule, kurasa 96. Aliwahi kuiweka saa tano asubuhi. Alipokuwa anatoka aliniambia kwa upole tu, "Yaya, nilikuamini," na sijamwona tena mpaka leo.

Hilo ndilo lililonifanya nikome kuwa mteja wa kuambiwa. Wiki ile ile nilipakua Memtest86+, programu ya bure inayoandika na kusoma kila kona ya RAM, nikaiweka kwenye ufunguo wa USB, nikawasha mashini nayo. Haikupita robo saa, mistari myekundu ikajaza skrini. Moja ya bareti mbili ilikuwa inabadilisha data kimya kimya. Kila faili lililopita humo lilikuwa kwenye hatari, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya hatari hiyo wiki tatu nikitabasamu.

Jumapili baada ya misa nilitandika kitenge mezani, nikawasha taa, nikapanga bareti zote nilizokuwa nazo: za asili zilizokuja na mashini, zile mbovu, na zile mbili za kwenye droo. Kwa mara ya kwanza nilisoma karatasi zilizobandikwa juu yake, herufi kwa herufi.

Bareti ya asili iliandikwa 2GB 2Rx8 PC3-10600U. Ile iliyokataliwa iliandikwa 4GB 1Rx8 PC3-12800U. Nilizigeuza. Ya asili ilikuwa na chipu nane huku na nane huku, jumla 16. Iliyokataliwa ilikuwa na chipu nane upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa uwanja mtupu wa kijani, vijitobo na nyuzi za shaba tu.

Hapa naomba msome polepole, kwa sababu ni jambo ambalo hakuna mwuzaji aliyewahi kunieleza. PC3 inamaanisha DDR3. Namba inayofuata ni uwezo wa kupitisha data: 8500 ni ya mwendo wa 1066, 10600 ni ya 1333, 12800 ni ya 1600. Ukichanganya za mwendo tofauti, zote zitafuata ile ya polepole, kwa hiyo namba hiyo peke yake haizuii mashini kuwaka. Herufi ya mwisho ni ya maana: U ni ya kompyuta ya mezani ya kawaida, S ni ya laptop na umbo lake ni fupi, R ni ya seva na kwenye mashini kama zetu haifanyi kazi hata kama inaingia vizuri kwenye sloti, ile nafasi ya bareti kwenye bodi.

Lakini siri ya bip tano ilikuwa kwenye 2Rx8 na 1Rx8. Herufi x8 inasema kila chipu inatoa biti 8 kwa mpigo. Mashini inasoma biti 64 kwa mpigo, basi safu moja ni chipu nane. 2R ni safu mbili, chipu 16. 1R ni safu moja, chipu nane. Sasa piga hesabu, ukikumbuka kwamba giga moja ni gigabiti 8: giga nne ukizigawa kwa chipu 16, kila chipu inabeba gigabiti 2. Giga zile zile nne ukizigawa kwa chipu nane, kila chipu inabeba gigabiti 4. Mashini za Core 2 zenye DDR3, kama hizi 6000 Pro, zinaongozwa na chipseti ya Intel, chipu kuu ya bodi, ambayo mwisho wake ni chipu ya gigabiti 2. Hiyo ya gigabiti 4 haijui kuisoma. Mashini nyingine inazikataa kabisa na kulia, nyingine inahesabu nusu yake. Ukubwa ni uleule, DDR3 ileile, pengo la katikati ya meno liko mahali palepale, inaingia na kufunga vizuri, na bado haifanyi kazi.

Nilikaa pale mezani nikiwa na bareti mkononi, machozi yananilengalenga. Mikono yangu haikuwa imeua kitu.

Nikatafuta 4GB 2Rx8, chipu pande zote mbili. Ilinichukua karibu mwezi kuzipata, kwa sababu zinazojaa madukani sasa ni zile za safu moja. Safari hii nilikwenda na mashini yenyewe ndani ya mfuko wa magunia, nikamwambia mwuzaji sinunui kisichowaka mbele yangu. Alinung'unika, akanipa soketi ya umeme. Zikawaka. Nilinunua mbili kwa dola 22, na mwezi uliofuata nyingine, mpaka mashini zote tatu zikawa na giga nane.

Kuhusu Windows nitapita haraka, maana ni kazi ya kuchosha. Mashini zangu zilikuja na Windows ya biti 32, ambayo haivuki giga nne hata ungeweka ngapi. Kwenye ukurasa wa mfumo iliniandikia "3,24 Go utilisable", yaani giga 3,24 tu zinatumika, na kilichobaki kilikaa bure. Nikahifadhi faili zote, nikaweka ya biti 64. Angalieni hilo kabla hamjatoa hela.

Memuari ya kurasa 140 yenye ramani, ambayo ilikuwa inafunguka baada ya dakika mbili na nusu, ikafunguka kwa sekunde 40. Nilipima kwa saa ya simu, mara tatu. Mwaka uliofuata, msimu wa memuari, tulichapa vitabu vingi kuliko mwaka wowote tangu nianze, na baadhi ya wale waliokuwa wanapita bila kugeuza shingo walirudi. Najivunia hilo wala sifichi.

Sasa ushauri wenyewe, kwa wewe mwenye mashini ya zamani na hela kidogo.

Pima kabla ya kununua. Fungua kazi zako zote za kawaida kwa pamoja, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc, utazame ukurasa wa Performances (kwenye Windows 7, bonyeza humo Moniteur de ressources ili uione diski). Kama kumbukumbu imefika asilimia 90 na diski inapiga 100, unahitaji RAM. Kama kumbukumbu iko nusu na diski bado inapiga 100, ugonjwa ni diski, na hela yako ipeleke kwenye SSD, diski ya chipu isiyozunguka. Nimeona watu wakiongeza RAM kwenye mashini iliyokuwa na giga nane tayari, halafu wanashangaa haijabadilika. Mimi mwenyewe SSD niliziweka baadaye, na nakiri kwamba kuwaka kwa mashini asubuhi kulibadilika zaidi kwa SSD kuliko kwa RAM. Lakini mashini yenye giga mbili usianze na SSD. Anza na RAM.

Jua mashini yako kabla hujajua bei. Aina yake imeandikwa usoni na kwenye karatasi ya ubavuni. Programu ya bure ya CPU-Z itakuonyesha aina ya RAM iliyomo na sloti ipi ina nini. DDR2 na DDR3 za mezani zote zina meno 240, ila pengo haliko mahali pamoja. Ikikataa kuingia usiilazimishe, utavunja sloti. DDR4 ina meno 288, hiyo ni ya mashini zilizokuja baadaye.

Chomoa bareti iliyomo uende nayo dukani. Mashini za Core 2, tafuta 2Rx8, chipu 16. Kuanzia Core i3, i5 na i7 za kizazi cha pili, zile za mwaka 2011 na kuendelea, bareti ya safu moja ya giga nne inakubalika, hata ya giga nane yenye chipu 16. Tena kuna bareti za bei nafuu zilizoandikwa kwamba ni za mashini za prosesa ya AMD. Hizo kwenye Intel hazifanyi kazi. Usiseme "nitajaribu". Zirudishe mezani.

Nunua mbili zinazofanana, kwa sababu zikikaa kwenye chaneli zote mbili, yaani njia mbili za data, mashini inazisoma kwa pamoja na inapata upana mara mbili. Kwenye HP hizi sloti nyeusi lazima ijazwe kwanza. Kabla ya kugusa, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ili umeme uliobaki utoke, kisha shika chuma cha sanduku. Kiangazi fanya hivyo kila unaponyanyuka na kurudi, hasa kama umevaa sweta.

Na usiku wa kwanza usifanye kazi ya mteja. Washa Memtest86+ iachie ipite mzunguko mzima, miwili ikiwezekana. Umeme ukikatika katikati, anza tena kesho. Mstari mmoja tu mwekundu unatosha kuirudisha bareti dukani. Mashini kuihesabu bareti si kuipima. Narudia kwa sababu yule dada wa sheria alilipa bei ya mimi kutojua: mashini kuihesabu bareti si kuipima.

Ninyi mnaonisoma, najua wengi wenu mnataka kile nilichokitaka mimi. Mlango wenu wenyewe, mashini tatu au nne, kibao nje kilichoandikwa kwa rangi, na hela ambayo hakuna aliyekupa kwa huruma. Wengi hamtanunua mashini mpya mwaka huu wala mwaka ujao. Mtafanya kazi na zile ambazo wengine wamezichoka, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Aibu ni kuacha mtu mwingine awe ndiye pekee anayejua kilichomo ndani ya sanduku linalokulisha. Fungueni. Someni karatasi. Dada zangu hasa, nawasihi: mtu akikuambia vitu vya kompyuta umwachie yeye, shika hela yako mkononi umwombe akusomee 2Rx8 ina maana gani. Asipoweza kusoma, hajui anachouza.

Kwa muda mrefu nilimwita mwuzaji wangu wa kwanza mwizi. Mwaka jana nilinunua mashini ya nne, HP Compaq 8200 Elite yenye Core i5 ya kizazi cha pili. Ilikuja na giga mbili. Nikafungua droo, nikatoa zile bareti mbili za dola 28 zilizolala chini ya karatasi za hesabu, nikazipangusa vumbi na kuziingiza mahali pa RAM iliyokuja nayo. Mashini ikawaka bila mlio hata mmoja, ikaandika giga nane. Niliacha Memtest86+ usiku kucha, mizunguko mitatu, hakuna kosa. Zilikuwa nzima tangu siku aliyonipa. Hakuniuzia kitu kibovu. Aliniuzia kitu asichokijua, kisha akasema kosa ni langu mbele ya wateja wengine, na hilo la pili bado sijaweza kulisamehe.

Leo asubuhi yule kijana wa Alhamisi amenitumia picha. Amezigeuza bareti zake juu ya daftari na kuzipiga pande zote mbili. Chipu nane upande mmoja, upande wa pili mtupu, 1Rx8, kama nilivyotarajia. Ameniuliza kama hela yake imepotea. Nimemwambia aje Jumamosi saa nne na mashini yake na bareti zote mbili. Ile i5 yangu ina sloti mbili tupu na itazipokea zake, na yeye nitampa giga nne nne za chipu 16 kutoka mashini namba tatu, ambayo siku hizi inafanya kazi ya kuskani tu na ina zile giga mbili za asili za kurudia. Nimemwambia pia aje na memuari yake kwenye ufunguo wa USB, na nakala ya pili ambayo haijawahi kupita kwenye mashini hiyo.